Kitenzi ‘Amenden’ cha Kiingereza cha Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi wa fasihi, wa lugha na wa historia ya Kanisa huyarudia wanapokutana na kitenzi amenden katika maandishi ya Uingereza ya karne za kati. Msimamo unaoongoza majibu ni mmoja: kitenzi hiki kiliyafunga pamoja majuto ya moyoni na kazi ya kukitengeneza kilichoharibiwa, na anayekifasiri kwa ‘kutubu’ peke yake hukipunguzia nusu ya uzito wake.

## Mambo ya msingi

1. Amenden ni neno gani, na lilitumika lini?

Ni kitenzi cha Kiingereza cha Kati, yaani lugha iliyosemwa nchini Uingereza takriban kati ya mwaka 1100 na 1500. Kilitoka katika Kifaransa cha Kale, amender, ambacho nacho kilitoka katika Kilatini, emendare, chenye maana ya kuondoa dosari. Katika maandishi ya Kiingereza kinaonekana tangu karne ya 13, wakati maneno ya Kifaransa yalipokuwa yakimiminika katika lugha ya nchi iliyokuwa imetawaliwa na Wanormani tangu mwaka 1066. Kiambishi -en mwishoni ni alama ya kisarufi tu, kwa hiyo katika mashairi utakutana pia na amende.

2. Maana zake ni zipi?

Maana ya shina ni kukiondolea kitu kasoro ili kifae tena. Kutoka hapo matawi yalikuwa mengi. Kitenzi hiki kilitumika kwa fundi aliyetengeneza jengo bovu, kwa mwandishi aliyesahihisha nakala yenye makosa, kwa mgonjwa aliyepata nafuu, kwa mwenye dhambi aliyebadili mwenendo wake, na kwa mkosaji aliyemlipa jirani hasara aliyomtia. Kilitumika hata kwa maana ya kushinda ubora wa kitu au mtu (tazama swali la 13).

Matumizi hayo yote yaliishi kwa wakati mmoja. Si kwamba maana ya fundi ilikuwa ya kale na maana ya toba ikaja baadaye kama sitiari. Msikilizaji wa karne ya 14 alizisikia zote katika wiki hiyohiyo, sokoni, mahakamani na kanisani.

3. Nikikutana nacho, nitajuaje maana inayokusudiwa?

Tazama yambwa yake, yaani kile au yule anayetendewa. Mtu akiambiwa ajitengeneze mwenyewe, kama katika amri amende thee, maana ni kuacha uovu na kushika njia njema. Yambwa ikiwa ni hasara, dhuluma au jeraha, maana ni kufidia. Yambwa ikiwa ni daraja, nguo au maandishi, maana ni kutengeneza au kusahihisha. Pasipo yambwa, mara nyingi maana ni kupata nafuu, iwe ya mwili au ya tabia.

Kanuni hii husaidia sana, lakini washairi waliijua vizuri kuliko sisi, na walipenda kuweka yambwa mbili za aina tofauti karibukaribu ili maana moja iisukume nyingine. Mfano bora uko katika swali la 10.

## Kabla ya neno la Kifaransa

4. Waingereza walisemaje kabla ya amenden kuingia?

Walikuwa na kitenzi chao cha asili, bētan, kilichotokana na nomino bōt, yaani tiba, ahueni au fidia. Ushahidi wa kale kabisa uko katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7, ambazo tunazisoma leo katika nakala ya karne ya 12 iliyotunzwa Rochester. Sheria hizo ni orodha ndefu ya majeraha na malipo yake: jicho likitolewa, mkosaji alipe shilingi 50, kidole gumba kikikatwa, shilingi 20, ukucha wa gumba ukitoka, shilingi 3. Neno linalorudiwa mwishoni mwa vifungu vingi ni gebete, ‘na afidie’.

Msomaji anayeijua diya ataelewa mara moja mantiki yake. Jeraha limefungua deni kati ya jamaa mbili, na deni lisipolipwa litalipizwa kwa damu.

5. Je, bētan lilihusu dhambi pia, au fidia za mwili tu?

Lilihusu vyote. Baada ya Ukristo kuenea, nomino ileile ya fidia iliunganishwa na neno la ‘tendo’ na kuzaa dædbōt, ambalo ndilo lililokuwa jina la kawaida la toba katika Kiingereza cha Kale. Mtu aliyetenda dhambi alikuwa na fidia ya kutoa kwa tendo lake, kama yule aliyeng’oa ukucha wa mwenzake.

Jambo hili lina uzito kwa sababu linaonyesha kwamba amenden halikuleta wazo jipya. Lilikuta kiti kimekwishaandaliwa. Maneno hayo mawili yaliishi pamoja kwa muda mrefu, na mshairi wa karne ya 14, William Langland, bado anayatumia yote mawili katika mistari inayofuatana.

## Toba ya Kanisa

6. Kanisa la wakati huo lilifundisha nini kuhusu hatua za toba?

Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliamuru kila Mkristo aliyefikia umri wa utambuzi aungame kwa padri wake walau mara moja kwa mwaka na kupokea Komunyo wakati wa Pasaka. Amri hiyo ilizaa kazi kubwa ya kufundisha, kwa kuwa mapadri walipaswa kujua namna ya kuuliza na waumini walipaswa kujua namna ya kujibu. Ndiyo maana vitabu vya mwongozo kwa lugha ya watu viliongezeka: Robert Mannyng alianza kuandika chake mwaka 1303, na Dan Michel wa Canterbury alikamilisha chake mwaka 1340.

Fundisho lililorudiwa lilikuwa la sehemu tatu: majuto ya moyo, maungamo ya kinywa, na malipizi ya matendo. Mshairi Geoffrey Chaucer analiweka katika kinywa cha Paroko wake mwishoni mwa hadithi za Canterbury.

7. Amenden linaingia katika hatua ipi kati ya hizo tatu?

Kwa kawaida katika ya tatu, ile ya matendo, na nomino amendes ilitumika kwa malipizi yenyewe. Lakini kwa kuwa kitenzi kilibeba pia maana ya kubadili mwenendo, kilizidi mpaka wa hatua hiyo. Padri alipomwambia muungamaji a-amende, alikuwa akimtaka mambo mawili: alipe cha jana na aishi vingine kesho. Vitenzi vya jirani yake vilikuwa vyembamba zaidi. Reuen kilihusu uchungu wa moyo, shriven kilihusu kuungama au kuungamisha, na repenten, nacho cha Kifaransa, kilisimama hasa juu ya majuto. Mtu angeweza kujuta usiku kucha asitengeneze chochote. Hilo kitenzi chetu hakikulikubali.

8. Amende-yow ni nani katika shairi la Piers Plowman?

Ni mtumishi wa mlangoni. Katika shairi hilo la William Langland, lililoandikwa na kuandikwa upya katika nusu ya pili ya karne ya 14, ambalo sifa na maovu hupewa umbo la watu, mahujaji wanatafuta makazi ya Kweli na hawajui njia. Piers, mkulima, anawaelekeza kana kwamba anaelekeza njia ya kijijini: vukeni hapa, msikawie pale, piteni kando ya kile. Mwisho wanafika kwenye ngome. Bawabu wake anaitwa Neema, na mtumishi wa bawabu anaitwa Amende-yow, yaani Jirekebisheni, ambaye, Piers anasema, watu wengi wanamfahamu.

Mahujaji wanaagizwa wampe ishara: wamtajie kwamba wametimiza kitubio walichopewa na padri, kwamba wanazijutia dhambi zao, kisha wamsihi amnyenyekee bwana wake ili kilango kifunguliwe. Mpangilio wa vyeo hapa umefikiriwa kwa makini. Anayefungua ni Neema, si mtumishi, na hakuna anayeingia kwa nguvu ya malipizi yake. Hata hivyo hakuna anayefika kwa Neema bila kupitia kwa mtumishi. Waliobishana baadaye kuhusu neema na matendo wangeweza kukaa mlangoni hapo muda mrefu.

9. Je, aliyeiba angeweza kusamehewa bila kurudisha alichoiba?

Hapana, ikiwa alikuwa na uwezo wa kukirudisha. Kanuni iliyonukuliwa daima ilikuwa ya Augustino: dhambi haiondolewi mpaka kilichochukuliwa kirudishwe. Msomaji aliyelelewa katika mafundisho ya Kiislamu atakumbuka hapa sharti la toba linalohusu haki za watu.

Langland analifanya fundisho hili kuwa tukio lisilosahaulika. Tamaa ya Mali, mzee aliyepunja wateja maisha yake yote, anakuja kuungama, na Toba anamuuliza kama amewahi kujuta na kurudisha mali ya watu. Anajibu kwamba ndiyo, mara moja: alilala nyumba moja ya wageni na wachuuzi, akaamka wenzake wakiwa usingizini, akaipekua mizigo yao. Toba anapomshutumu kwamba huo ni wizi mtupu, Tamaa anajitetea kwamba alidhani kupora ndiko kurudisha, kwa sababu hakusoma kitabu na hajui Kifaransa ila kile cha mwisho kabisa wa Norfolk.

Wasomaji wengi huishia kwenye kichekesho, na kichekesho kipo. Ila chini yake kuna shtaka zito: maneno ya toba yalikuja katika lugha ya mabwana, na mtu wa kawaida aliweza kukaa kanisani miaka mingi bila kuelewa anadaiwa nini. Tamaa anaambiwa kwamba hataondolewa dhambi mpaka awe amerudisha. Kuhusu mali ambayo mwenyewe hajulikani, tazama swali la 17.

## Barabara na madaraja

10. Kwa nini maandishi ya toba hutaja madaraja na barabara mbovu?

Kwa sababu kulitengeneza daraja kulihesabiwa kuwa tendo la toba na la huruma, sawa na kumlisha mfungwa. Maaskofu wa Uingereza walitoa rehema (msamaha wa sehemu ya adhabu ya dhambi), mara nyingi za siku 40, kwa waumini waliotubu na kuungama wakachangia matengenezo ya daraja au njia. Si vigumu kuelewa kwa nini, ukifikiria mto uliofurika na daraja la mbao lililooza katikati: anayelitengeneza anaokoa maisha ya watu asiowajua na ambao hawatamjua.

Katika Piers Plowman, Kweli anawaandikia wafanyabiashara barua ya siri kuhusu namna ya kutumia faida yao. Anawaagiza wa-amende hospitali na kuwasaidia walio katika taabu, wa-amende bila kukawia njia zilizoharibika, na wafanye boote kwa madaraja yaliyovunjika. Kisha wawasaidie wasichana kuolewa au kuingia utawani, na wawalishe maskini na wafungwa. Hapa kitenzi cha Kifaransa na nomino ya kale ya Kiingereza vinasimama bega kwa bega, na njia zenyewe zinaitwa wikkede, neno lililotumika kwa njia mbaya na kwa mtu mwovu. Faida iliyopatikana kwa hila inatengenezwa kwa mawe na mbao. Kwa maoni yetu, ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kifungu kimoja tu kinachoeleza kitenzi hiki, mwonyeshe hiki.

## Mahakamani na penye fedha

11. Je, amendes ilikuwa ni faini tu?

Katika mazingira ya sheria mara nyingi ilikuwa malipo, na asili ya neno katika Kifaransa ni hiyohiyo. Lakini palikuwa na desturi ya kutenga siku ya kupatanisha wagomvi nje ya mahakama, iliyoitwa loveday, yaani siku ya upendo, na mapatano ya siku hiyo yalilenga kurudisha ujirani, si kuhesabu fedha peke yake. Desturi hiyo haikukosa wanyonyaji: Chaucer anamtaja Fratri wake, mtawa wa shirika la ombaomba, kuwa hodari wa siku hizo, na haikusudiwi kuwa sifa.

12. Tajiri akimlipa aliyemdhulumu, je, mambo yamekwisha?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na Langland analikabili ana kwa ana. Bwana Amani anakuja bungeni na hati ya mashtaka dhidi ya Dhuluma, aliyemnyang’anya mke, akachukua bukini na nguruwe wake, akakopa farasi wake asimrudishe. Dhuluma anaogopa na kutafuta msaada kwa Mede, bibi anayewakilisha malipo na hongo. Mede anampa Amani zawadi ya dhahabu tupu, akimwambia apokee ili ku-amende hasara yake, naye atamdhamini Dhuluma asirudie tena. Amani, aliyekuja amejaa damu kichwani, anageuka na kumwombea mdhalimu wake msamaha, kwa kuwa amelipwa vizuri.

Mfalme anakataa, naye Busara anamuunga mkono. Sababu ni kwamba Dhuluma mwenyewe hajabadilika hata kidogo. Kitenzi kimetumika kwa hasara lakini hakijamgusa mtenda. Maana ya pili, ile ya kujirekebisha, imeachwa nje ya mlango, na jirani anayefuata ndiye atakayeumizwa.

Katika tukio hilohilo inatajwa methali: afadhali tiba iushushe uovu, kuliko uovu kupigwa na tiba isiongezeke. Kwa hiyo adhabu tupu nayo haitoshi. Dhahabu bila mabadiliko ni hongo, na pigo bila fidia linamwacha aliyeumizwa vilevile.

## Matumizi yasiyo ya kawaida

13. Nimekutana na amende mahali ambapo hapana kosa lolote. Nifasiri vipi?

Huenda ni maana ya ‘kushinda kwa ubora’. Katika hadithi ya Chaucer inayosimuliwa na Squire, farasi wa shaba anasifiwa kwamba, tangu mkia hadi sikio, si maumbile wala ufundi ungeweza kumu-amende. Katika hadithi hiyohiyo adabu ya mjumbe inasifiwa hivi: hata Gawain, askari farasi wa Mfalme Arthur, angerudi kutoka nchi ya mazimwi, asingeweza kumshinda kwa neno moja. Fasiri kwa ‘kuboresha zaidi’ au ‘kushinda’, na usilazimishe toba pasipo na toba.

14. Kwa nini wengine husema kitenzi hiki ndicho ufunguo wa hadithi ya Mke wa Bath?

Shujaa wa hadithi hiyo ya Chaucer ni askari farasi aliyembaka msichana. Maisha yake yanaponywa na malkia kwa sharti la kutafuta, ndani ya mwaka mmoja na siku moja, jibu la swali la kile ambacho wanawake hutamani zaidi. Bibi kizee anampa jibu, na malipo yake ni ndoa. Usiku wa harusi askari anagaagaa kitandani kwa uchungu, akilia kwamba mambo yake hayawezi kuwa amended kamwe. Kizee anamjibu kwamba angeweza ku-amende haya yote kabla ya siku tatu kupita.

Kinachosikitishwa hapo ni uzee, umaskini na nasaba duni ya mkewe. Msichana aliyebakwa hatajwi tena. Hakuna anayemrudishia kitu wala kumwomba radhi. Wachambuzi hawakubaliani kama Chaucer alikusudia tulione pengo hilo. Sisi tunaona kwamba msikilizaji aliyezoea kitenzi hiki kutoka kwa padri wake angekuwa na kila sababu ya kuuliza ni nani hasa anayestahili fidia, na kwa nini neno limepelekwa kwa mtu asiyestahili.

## Baada ya karne za kati

15. Mageuzi ya Kanisa ya karne ya 16 yaliliathiri vipi neno hili?

Biblia iliyotafsiriwa na wafuasi wa Wyclif mwishoni mwa karne ya 14 ilifuata Kilatini, na mwito wa Yohana Mbatizaji ukasomeka ‘fanyeni kitubio’. William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki na kulichapisha mwaka 1526, aliandika ‘tubuni’, akiondoa harufu ya malipizi yaliyopangwa na padri. Kitenzi chetu kilipita katikati ya ugomvi huo kikiwa hai: Biblia ya Geneva ya mwaka 1560 inamfanya Petro, siku ya Pentekoste, awaambie watu wa-amend maisha yao na kubatizwa. Maana ya kubadili mwenendo ilibaki ibadani. Ile ya malipizi ilififia upande wa Waprotestanti.

16. Je, mend, amend na amends za leo ni neno lilelile?

Ndiyo. Mend ni amend iliyodondosha irabu ya mwanzo, nayo ilichukua nguo, nyavu na mifupa. Amend ilibaki kwa sheria na katiba, ambako sisi husema marekebisho. Amends ilihifadhi fidia ya mtu kwa mtu, na ndiyo iliyomo katika hatua ya 8 na ya 9 kati ya hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, zilizochapishwa mwaka 1939, ambapo mlevi anayepona huorodhesha aliowadhuru na kuwatengenezea moja kwa moja, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungewaumiza. Kazi iliyokuwa ya kitenzi kimoja imegawanywa kwa matatu, na ndiyo sababu wasomaji wa leo hushangaa kuikuta pamoja.

17. Iliwezekanaje ku-amende ikiwa aliyedhulumiwa amekufa au hajulikani?

Langland ana jibu kwa Tamaa ya Mali: ikiwa hujui umrudishie nani, ipeleke mali kwa askofu na umwombe aitumie kama inavyofaa kwa ajili ya roho yako. Kwa vitendo, mali ya namna hiyo ilielekezwa kwa maskini au kwa kazi za manufaa ya wote kama zile za swali la 10.

Mkosaji aliyekaribia kufa alikuwa na njia ya wosia. Wosia nyingi za Uingereza za mwishoni mwa karne za kati huanza kwa kuacha fedha kwa altare kuu ya parokia kwa ajili ya zaka zilizosahauliwa, na nyingine huacha fedha za kutengeneza barabara. Wasimamizi wa wosia ndio waliopaswa kulipa madeni hayo kabla ya warithi kugawana kilichobaki.